MIFUPA IKIUMA, USIACHE SINDANO



Ndani ya mifupa yetu mna uloto. Uloto ni kiwanda cha damu. Humo zimo chembe mama, ambazo huzaa chembe nyingine zote za damu.

Iko saratani ya uloto iitwayo mieloma. Daktari anaweza kuvuna chembe mama za mgonjwa mwenyewe na kuzihifadhi. Kisha humpa dawa kali za kuua saratani. Dawa hizo huharibu uloto pia. Ndipo chembe zilizohifadhiwa hurudishwa mwilini, ili kiwanda kianze upya. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza matibabu hayo mwaka 2021. Kutoka Buguruni, Muhimbili si mbali.

KWA NINI MIFUPA HUUMA?

Kabla ya kuvuna, mgonjwa huchomwa sindano chini ya ngozi kila siku, kwa siku 4 au 5 hivi. Sindano hiyo huuhimiza uloto. Chembe huongezeka na kubanana ndani ya mfupa, kama watu katika soko la Buguruni mizigo inapoingia alfajiri. Baadaye nyingine hutoka na kuingia katika damu. Kwa hiyo kiuno, nyonga, mgongo, kidari na mapaja huuma.

Wengine hudhani saratani imeenea. Huogopa, wakaacha sindano. Hilo ni kosa kubwa. Bila sindano, chembe hazitoshi kuvunwa. Mara nyingi maumivu haya huisha siku chache baada ya sindano ya mwisho.

UFANYE NINI?

1. Mwambie muuguzi au daktari mara maumivu yanapoanza.

2. Pima joto la mwili kabla ya kumeza parasetamo, kwa sababu dawa hii huficha homa. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali mara moja.

3. Meza parasetamo kama ulivyoandikiwa. Usizidishe.

4. Usijinunulie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni dukani. Zinaweza kuleta kutoka damu na kudhuru figo. Mieloma yenyewe hudhuru figo.

5. Pumzika, na uoge maji ya uvuguvugu. Usikandwe kwa nguvu. Mifupa yenye mieloma huvunjika upesi.

DALILI ZA HATARI

Kimbilia hospitali, hata usiku, ukiona haya: maumivu chini ya mbavu za kushoto au kwenye bega la kushoto, maana huenda bandama limeumia, kupumua kwa shida, au miguu kufa ganzi.

SIKU YA KUVUNA

Damu hutoka mshipani, hupita katika mashine inayochuja chembe mama, na inayobaki hurudi mwilini. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Ukihisi mchonyoto midomoni au vidoleni, sema. Madini ya kalisi yamepungua, nawe utaongezewa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tupime joto kabla ya kumeza parasetamo?
2. Jirani anataka kuacha sindano kwa sababu ya maumivu. Utamwambia nini?