SOMO: WATUMISHI 74 KATIKA SHIMO LA URU

Tunasoma katika Mwanzo 11:31 kwamba Abramu alitoka Uru. Magofu ya Uru ya Wasumeri yako kusini mwa Iraki. Kuanzia 1922 hadi 1934 Mwingereza Leonard Woolley alichimba pale, akakuta makaburi karibu 1,800. Kumi na sita kati yao aliyaita ya kifalme. Yana umri wa miaka 4,500 hivi.

Katika shimo moja walilala watumishi 74: wanaume 6 na wanawake 68, wamepambwa kwa dhahabu na shanga. Msichana mmoja alikuwa na utepe wake wa fedha kiunoni, ungali umekunjwa. Woolley alidhani alichelewa kujipamba. Tena, kwa kuona vikombe vyao, aliamini kwamba walikunywa sumu kwa hiari ili wamfuate mkubwa wao.

Lakini miaka mingi baadaye wataalamu wa Philadelphia, Marekani, walipiga picha ndani ya mafuvu mawili: la mwanamke wa shimo hilo na la askari wa kaburi jingine. Yote mawili yalikuwa yametobolewa kwa kitu chenye ncha. Watu hao walipigwa.

Tunajifunza nini? Tusiseme upesi kwamba mdogo amekubali kwa sababu amenyamaza. Kila mmoja wetu aliye na watu chini yake, nyumbani ao kanisani, ajiulize: hawa wanaonitumikia wananyamaza kwa upendo, ao kwa woga?