Asiyejua Maana: Kezilahabi na Ufundishaji wa Shairi Lisilo na Vina

Somo la ushairi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi aghalabu huanza kwa kuhesabu. Mwalimu huandika ubeti ubaoni, wanafunzi wakahesabu mizani, wakapiga mistari chini ya vina vya kati na vya mwisho, kisha wakanakili madaftarini. Kazi hiyo ni njema na ina mahali pake. Lakini ikiwa ndiyo mwanzo na mwisho wa somo, mtoto huondoka akiamini kwamba shairi hutambuliwa kwa macho na vidole, na kwamba utungo usiohesabika haufai kusikilizwa.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanachuo hatari ya imani hiyo, kwa kutumia mfano wa mshairi mmoja wa nchi yetu, na kisha kupendekeza njia ya kufundisha kipindi kimoja.

Mshairi na wasomaji wake

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafundisha hapo kwa miaka mingi, pale Mlimani, upande ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni. Mwaka 1971 ilitoka riwaya yake ya Rosa Mistika, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni kwa hofu ya kuharibu maadili. Mwaka 1974 ikatoka diwani yake ya Kichomi. Kichomi ni maumivu yachomayo ubavuni, na kweli kitabu hicho kiliwachoma wengi.

Kosa lake lilikuwa nini? Mashairi yake mengi hayakuwa na urari wa vina wala mizani. Mshairi alitaka kutumia lugha ya kawaida, ile wanayozungumza watu kila siku. Hakuwa peke yake katika njia hiyo, kwani Ebrahim Hussein naye alitunga bila vina, na baadaye Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakaitetea. Hata hivyo, jina la Kezilahabi ndilo lililobeba sehemu kubwa ya lawama. Ilisemwa kwamba tungo zake ni guni, kwamba haziimbiki, kwamba ameiga Wazungu, na kwamba amekimbia sheria kwa sababu zimemshinda.

Yatupasa kuwatendea haki waliosema hayo. Hawakuwa watu wasiojua kitu. Kaluta Amri Abedi, aliyepata kuwa Meya wa Dar es Salaam, alikuwa ameziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na watunzi wengi walijifunza humo. Mathias Mnyampala alikuza ngonjera, na vitabu vya Ngonjera za Ukuta vikaenea shuleni kuanzia mwaka 1970. Kwa watu hao vina na mizani vilikuwa urithi wa karne nyingi, uliolindwa kwa kukaririwa na kuimbwa. Waliona nyumba ya wazee ikibomolewa, wakapiga kelele. Nani asingepiga?

Lakini tuangalie vizuri jinsi walivyokosa kuelewana. Msomaji aliifungua Kichomi akiwa na swali moja mkononi: vina viko wapi? Alipovikosa, alikifunga kitabu. Swali la pili, yaani mtu huyu anasema nini, halikuulizwa. Huu ndio upweke wa msanii tunaouzungumzia. Kezilahabi alikuwa na kazi, wanafunzi na marafiki. Upweke wake ulikuwa wa mtu anayesema mbele ya watu wengi, na watu hao wakatazama vazi lake badala ya kusikiliza maneno yake.

Yeye mwenyewe hakuacha kulitafakari jambo hilo. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Diwani ya pili, Karibu Ndani, ilitoka mwaka 1988, na jina lake ni kama mkono wa mwenyeji anayewaita waliosimama mlangoni. Halafu zikafuata Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambazo hata wasomaji waliomzoea waliziona ngumu. Baadaye alihamia Botswana kufundisha. Diwani yake ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008, naye akafariki Januari 2020. Leo wanafunzi wa sekondari hufundishwa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru pamoja. Shairi la kimapokeo halikufa kama ilivyohofiwa.

Yanayomhusu mwalimu wa shule ya msingi

Pengine mwanachuo atauliza: ugomvi wa maprofesa na malenga unatuhusu nini sisi tutakaofundisha Darasa la Sita? Unatuhusu sana. Hadhira ya msanii haianguki kutoka mbinguni, hulelewa madarasani. Waliofunga Kichomi walikuwa wamefundishwa mahali fulani kwamba swali la kwanza ni la vina.

Aidha, tazama watoto wenyewe. Katika shule za Temeke na Kinondoni, darasa moja huwa na watoto ambao wazazi wao wametoka pwani, kusini, kanda ya ziwa na nyanda za juu. Nyumbani kwa baadhi yao zipo nyimbo za kulima, za kubembeleza watoto na za msibani ambazo hazifuati vina wala mizani ya Kiswahili, na bado watu hulia na kucheka wanapozisikia. Basi shairi lisilo na vina si jambo geni masikioni mwa watoto hao. Mtoto akiandika anavyosikia kwao, na mwalimu akalichana daftari kwa wino mwekundu huku wenzake wakicheka, mtoto huyo hujifunza kunyamaza. Tumekwisha kumfanya mpweke kabla hajafikisha miaka kumi na mitatu.

Wahenga walisema: asiyejua maana haambiwi maana. Barazani methali hii inapendeza. Mwalimu, hata hivyo, hawezi kuifuata, kwa kuwa ameajiriwa kumwambia maana yule asiyejua.

Mfano wa kipindi kimoja (dakika 40, Darasa la Sita au la Saba)

Vifaa ni ubao na chaki tu. Mwalimu aandike tungo mbili fupi alizozitunga mwenyewe juu ya jambo moja ambalo watoto wanalijua. Kwa mfano:

(a)
Bomba letu la mtaa, limekauka ghafula,
Ndoo zetu zimekaa, hata wali hatujala.

(b)
Ndoo tatu mlangoni.
Midomo wazi.
Zinatazama bomba
kama watoto wanaomngoja mama
aliyechelewa kutoka sokoni.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Darasa liimbe utungo (a) kwa mahadhi wanayoyajua. Kisha mwanafunzi mmoja asome utungo (b) polepole, akitua mwisho wa kila mstari, na wengine wafumbe macho. Asiruhusiwe mtu kusema kama ni shairi au si shairi.

Hatua ya pili (dakika 10). Mwalimu aulize: Mmeona nini? Nani anangoja? Ndoo zina midomo kweli? Kwa nini mstari wa pili ni mfupi kuliko yote? Majibu yaandikwe ubaoni, hata yale yanayopingana.

Hatua ya tatu (dakika 10). Sasa ndipo vina na mizani vihesabiwe katika utungo (a): mizani minane kila kipande, vina vya kati a, vya mwisho la. Wanafunzi wajaribu kuutia vina utungo (b), waseme kimepatikana nini na kimepotea nini. Kadhalika wauondolee vina utungo (a), waone kama bado utaimbika. Kwa njia hii kila upande unapewa heshima yake: mmoja hukaa upesi kichwani na kuimbwa na wengi, mwingine humwachia msomaji nafasi ya kutazama.

Hatua ya nne (dakika 10). Kila mwanafunzi atunge mistari minne au mitano kwa umbo alilolichagua, na aandike juu yake jina la umbo hilo.

Kusahihisha

Tukitoa alama kumi, nne ziwe za wazo na picha, tatu za lugha sanifu, na tatu za umbo. Alama za umbo zitolewe kwa kufuata umbo alilolichagua mtoto. Aliyechagua vina na kuvikosea apunguziwe. Aliyechagua shairi huru hapunguziwi kwa kukosa vina, lakini aulizwe kwa nini amekata mstari mahali alipoukata. Asiyeweza kueleza hajatunga bado, ameandika insha kwa mistari mifupi. Uhuru huo una nidhamu yake, na mwalimu asiufanye kichaka cha uvivu.

Mwanachuo awe na subira. Baadhi ya walimu wakongwe watamwambia kwamba anapoteza muda, na baadhi ya wazazi watauliza vina vimekwenda wapi. Awajibu kwa adabu na kuwaonyesha madaftari ya watoto.

Maswali ya kujadili

1. Taja hoja mbili za waliopinga Kichomi ambazo unaona zina uzito. Eleza kwa nini.

2. Kusanya wimbo mmoja wa nyumbani kutoka kwa mzazi au jirani. Je, una vina? Kama hauna, ni kitu gani kinachoufanya ukumbukwe?

3. Mwanafunzi wako amesoma utungo wake na darasa zima limecheka. Eleza, kwa hatua, utakalolifanya katika dakika tano zinazofuata.