Kusoma na Kuandika Desimali kwa Maneno

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliingia katika Darasa la Tano la shule moja mkoani Geita. Mwalimu mwanafunzi aliandika ubaoni 0.5 na 0.25, akazisoma kwa sauti: "sifuri nukta tano" na "sifuri nukta ishirini na tano". Kisha akauliza ipi ni kubwa. Darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba ni ile ya pili. Mwalimu akawaambia wamekosea, akaandika jibu mwenyewe, akaendelea na zoezi. Sisi tulioketi nyuma tuliona kwamba watoto wale walijibu sawasawa na walivyosomewa, kwani ishirini na tano ni zaidi ya tano. Kosa lilikuwa kinywani mwa mwalimu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Tarakimu zilizo kushoto kwa nukta husomwa kama namba nzima, na zilizo kulia hutajwa moja moja kwa mfuatano wake. Basi 14.307 ni "kumi na nne nukta tatu sifuri saba". Sifuri iliyo katikati haiachwi, na neno "na" halivuki nukta. Kipimo kikitajwa hutangulia: "gramu sifuri nukta mbili tano".

Lakini yafaa tujiulize kwa nini kosa hili lina mizizi mirefu hivyo, hasa katika mikoa yetu. Watu wazima huko nyumbani husema hivyo, nao hawapotei. Katika biashara ya almasi, ambayo Shinyanga imeijua tangu Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940, karati moja hugawanywa katika pointi 100. Almasi ya karati 0.25 huitwa ya pointi ishirini na tano, na ya karati 0.50 ni ya pointi hamsini. Fedha nazo zilisomwa vivyo hivyo enzi senti zilipokuwa zikitumika: 3/50 ilikuwa shilingi tatu na senti hamsini. Usomaji huo una usalama wake, maana kila kitu kimekwisha kugeuzwa kuwa sehemu za mia, na tarakimu huwa mbili daima. Penye dhahabu usalama huo haupo. Mzani mmoja huonyesha tarakimu moja baada ya nukta, mwingine mbili. Anayesoma "nukta tano" kwenye mzani wa kwanza na "nukta ishirini na tano" kwenye wa pili atadhani mzigo umeongezeka, kumbe umepungua kwa nusu.

Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gramu moja ni shilingi 200,000. Gramu 0.5 ni shilingi 100,000, gramu 0.25 ni 50,000, gramu 0.05 ni 10,000. Mtoto anayeandika 0.5 aliposikia "sifuri nukta sifuri tano" amekosea kwa shilingi 90,000. Siku moja mtoto huyo atasimama mbele ya mnunuzi akiwa na karatasi ya mauzo mkononi, na mwalimu hatakuwa karibu.

Njia ya pili ya kusoma ni kutaja thamani: 0.25 ni "sehemu ishirini na tano za mia". Njia hii ndiyo inayoonyesha maana, wala isiachwe. Lakini hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. "Mia tano" ni 500, "mia na tano" ni 105, na "tano za mia" ni 0.05. Maneno ni yale yale mawili; tofauti imo katika mpangilio na katika silabi moja ndogo. Mwalimu akiharakisha, au akimeza "za", mtoto wa nyuma haisikii. Zaidi ya hayo, "sehemu ya kumi" huweza kumaanisha ile inayofuata ya tisa, kama sehemu ya kumi ya kitabu. Tumeona kwamba mfano wa fungu la kumi huondoa utata huu upesi. Watoto wengi wamelisikia kanisani, na wanajua vema kwamba si fungu linalofuata la tisa bali ni moja kati ya mafungu kumi yaliyo sawa.

Kwa hiyo tunashauri somo lianzie kwenye kitu kinachokatwa. Chukua bua la mtama, pima urefu wake uwe mita moja, weka alama kumi zilizo sawa. Kila kipande ni 0.1. Gawa kipande kimoja tena mara kumi. Kila kijipande ni 0.01. Sasa mwite mwanafunzi aonyeshe 0.5, na mwenzake aonyeshe 0.25 kwenye bua hilo hilo. Hakuna atakayebisha tena. Ndipo uchore jedwali lenye mamoja, nukta, sehemu za kumi na sehemu za mia, na kila namba isomwe kwa njia zote mbili. Anayetaka kutumia mizani atumie sukari au mchanga safi. Kamwe asiwaagize watoto walete udongo wa machimboni, kwani mara nyingi una zebaki.

Kuhusu mkato: mwanafunzi aliyetoka Kongo huenda akaandika 2,5 badala ya 2.5. Asichekwe. Kwao mkato ndio alama ya desimali, na Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mwaka 2003 ulizikubali alama zote mbili. Aelezwe tu kwamba hapa kwetu mkato hutenga maelfu.

Imla ya namba haina budi kufanywa katika kila kipindi cha desimali, hata kwa dakika tano. Mwalimu asome, watoto waandike tarakimu. Kisha aandike tarakimu, nao waandike maneno. Kwa kuanzia: 2.5, 2.05, 2.50, 20.5. Waulize zipi mbili zina thamani sawa na kwa nini.

Kisha wape hesabu ya almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 katika mgodi wa Williamson, ambayo alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huo. Kabla ya kukatwa ilikuwa karati 54.5, baada ya kukatwa, karati 23.6. Waandike namba zote mbili kwa maneno, watafute kiasi kilichopotea, nacho wakiandike kwa maneno. Karati moja ni gramu 0.2. Atakayemaliza mapema atafute uzito wa jiwe lile kwa gramu lilipotoka ardhini, akiusoma kwa sauti mbele ya wenzake.