Matarishi wa Damu na Dalili za Uzee

Seli za mwili hazikai kila moja peke yake, bali hupelekeana habari. Seli moja hutoa protini ndogo, damu ikaichukua hadi kwenye seli nyingine iliyo mbali, nayo ikaipa amri ya kutenda. Kwa kuwa matarishi hawa hupita katika damu, wataalamu huweza kuwapima na kukisia jinsi mwili unavyozeeka.

Tutazame mmoja wao, interlukini-6, ambaye jeni yake ilitambuliwa na Tadamitsu Kishimoto, Toshio Hirano na wenzao huko Osaka, Japani, mwaka 1986. Vijidudu viingiapo mwilini, seli za kinga humtoa kwa wingi. Akilifikia ini, nalo hutengeneza protini nyingine, CRP, iliyogunduliwa mapema zaidi, mwaka 1930, na William Tillett na Thomas Francis wa New York katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 3 za CRP katika lita moja ya maji ya damu. Maambukizo makali ya bakteria huweza kuipandisha kupita 100. Ini likiacha kuitengeneza, nusu yake hutoweka kila saa 19 hivi.

Uzeeni mambo hubadilika. Mwaka 2000 Claudio Franceschi na wenzake wa Italia walieleza kwamba kwa wazee wengi mwako huu hauzimiki kabisa, bali hufukafuka kama kaa chini ya jivu, hata pasipo ugonjwa wa wazi. Hali hiyo imehusishwa na maradhi ya moyo na udhaifu wa mwili.

Je, kanuni hiyo yafaa kila mahali? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 uliwalinganisha wakazi wa Italia na Singapore na Watsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Kwa makundi mawili ya mwisho mwako ulitokana zaidi na maambukizo, wala haukufuatana na umri. Tena ilikwisha onekana mwaka 2017 kwamba Watsimane, ijapokuwa CRP yao ni kubwa, wana mishipa ya moyo iliyo safi ajabu.

Jambo hili latuhusu sana sisi tuishio penye malaria, kwani malaria nayo huipandisha CRP. Kipimo kimoja cha mzee aliyetoka homani juzi hakitupi habari ya uzee wake. Afadhali kirudiwe majuma kadhaa baada ya kupona, kisha kilinganishwe na vipimo vyake mwenyewe vya miaka iliyotangulia.