Homa Ikipoa, Endelea Kumwangalia Mgonjwa

Kuhusu malaria, familia za hapa kwetu Kivaa hazihitaji somo refu: mtoto akichemka mwili anapelekwa kupimwa. Lakini iko homa nyingine ya mbu ambayo hupitia zizini kwanza. Ni homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha.

Virusi vyake hukaa miaka mingi ndani ya mayai ya mbu ardhini. Mvua ikizidi na maji yakatuama, mayai huanguliwa. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata mvua za El Niño, na ule wa 2006 na 2007 ukaja na mafuriko. Yote miwili iliwaumiza sana watu wa Garissa, walio chini yetu kwenye mto huu huu wa Tana.

Wengi huumwa siku chache tu, homa, misuli na kichwa, kisha hupona. Wachache, chini ya mmoja kati ya mia, huvimba ubongo, na dalili huanza wiki moja hadi nne baada ya homa ya kwanza. Mtu aliyekwisha kurudi shambani anaanza kuumwa kichwa vibaya, anasahau, anapayuka, anashikwa na degedege au anazimia. Wengine macho huingia ukungu. Kwa kuwa homa ilikwisha, nyumbani watasema amelewa au amerogwa, na siku zinapotea kwa mabishano. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mkifika, msitaje kichwa peke yake. Mwambieni daktari: "Wiki tatu zilizopita alikuwa na homa, mbuzi wetu walikuwa wakitupa mimba, na yeye ndiye aliyewachinja." Kipimo kikionyesha hana malaria, maswali yasiishie hapo. Dawa ya kuua virusi hivi haijapatikana, lakini degedege hutulizwa, na mgonjwa aliyezimia anahitaji uangalizi ambao nyumbani haupo.

Watu wengi hawaambukizwi na mbu, bali na damu na majimaji ya mnyama mgonjwa. Mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa pamoja, na watoto wao wakifa, msiguse kwa mikono mitupu. Mwiteni daktari wa mifugo. Mnyama anayeumwa asichinjwe. Tunajua ni hasara, hasa karo ikikaribia, lakini anayeshika kisu ndiye aliye hatarini kuliko wote. Maziwa yachemshwe, na neti itumike hata msimu ambao mbu hawasikiki sana.

Chanjo ya mifugo ipo, na wakati wake ni kabla ya mvua. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inaweza kueneza virusi zizi zima.