Kutoka "Kuitwa" hadi "Kujiunga": Lugha na Wasiwasi wa Mwanafunzi wa Wastani Mtaani Njiru

Matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, swali linaloulizwa katika ploti za Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo, huwa fupi mno: "Ameitwa?" Aliyeitwa hupongezwa. Asiyeitwa husemekana "ameanguka", hata kama ana C yake mkononi. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wa mwanafunzi wa wastani imo katika maneno hayo mawili, na kwamba maneno hayo ni masalio ya mfumo uliokwisha kuondoka.

Kitenzi "itwa" kimo katika kauli ya kutendwa. Anayeita hatajwi, naye anayeitwa hana la kufanya ila kungoja. Hali hiyo ilisadifu enzi za Halmashauri ya Pamoja ya Uteuzi (JAB), ambayo iligawa nafasi za vyuo vikuu vya umma kwa kuzingatia vitanda vilivyokuwapo. Mtahiniwa mwenye C+ alikuwa ametimiza kiwango cha chini cha kusomea shahada, lakini vitanda vilikwisha kabla ya kumfikia. Mwenye uwezo wa kifedha aliingia kwa mpango wa kujilipia karo, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliuanzisha mwaka 1998. Asiye nao alibaki nyumbani, na majirani wakasema amefeli. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuunda KUCCPS, ambayo huteua wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya kadri pia. Mfumo ukabadilika, kitenzi kikasalia palepale.

Neno la pili linalostahili kuchunguzwa ni "wastani" lenyewe. Mzazi anaposema mwanawe ni wa wastani, aghalabu humaanisha kuwa anatarajia C+. Hesabu haikubaliani naye. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, yaani takriban mmoja kati ya kila wanne. Wanaobaki chini ya mstari huo ndio wengi, na lugha inayowaita wote "walioanguka" inawafuta robo tatu ya watoto wa taifa kwa neno moja. (Insha nyingi za shuleni hufanya vivyo hivyo: mhusika hupita na kwenda chuo kikuu, au huanguka na kuharibika. Mhusika wa C haonekani.)

Mhusika huyo ana njia. Alama za KCSE huanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A, na kwa masomo saba jumla kamili ni 84. C+ huanzia pointi 46. Mwenye 45 ana C. Pointi moja tu ndiyo inayotenganisha "kuitwa" na "kuanguka"! Aliye na C- anaweza kusomea diploma, mwenye D akasomea cheti, na walio chini ya hapo wana kozi za ufundi za kuanzia. Vyuo vikuu kadhaa huwapokea wenye diploma nzuri, kila kimoja kwa masharti yake. Njia hiyo ni ndefu, na si haki kumficha mwanafunzi urefu wake.

Kwa wapenzi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Tangu KCSE ya 2023, alama ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vyema zaidi (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya), na masomo mengine matano aliyoyafaulu zaidi. Kijana wa Njiru ambaye Kiingereza kilikuwa kikimvuta chini sasa anaweza kubebwa na Kiswahili. Hata hivyo, asidhani kwamba wastani mzuri unatosha. Anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya upili huhitaji C+ ya jumla na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Mwenye C+ ya jumla lakini C katika Kiswahili atafungiwa mlango huo, na ni heri ayajue hayo akiwa Kidato cha Tatu kuliko akiwa mbele ya kompyuta ya saiba, foleni ikimsukuma nyuma.

Aidha, kuna hatari inayomnyemelea mwenye wasiwasi hasa. Jijini hakukosekani chuo cha ghorofani kinachoahidi kozi yoyote kwa alama yoyote, ilmuradi karo ilipwe leo. Mzazi aliyekwisha kuamini kwamba mwanawe ameanguka hulipa haraka ili kuiziba aibu. Kabla ya kulipa, inafaa athibitishe kama chuo na kozi vimeidhinishwa: vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA, vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vilevile aulizie mkopo wa HELB, kwa kuwa bodi hiyo huwakopesha hata wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi yao hapa, na ni ya kisarufi kabisa. "Kuchagua", "kuomba" na "kujiunga" ni vitenzi ambavyo mwanafunzi mwenyewe ndiye mtendaji wake. Mlangoni pa KUCCPS hata aliyepata A hana budi kuomba.