Somo la Makatibu: Kompyuta Isiposikia Sauti ya Katibu



Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi, watunza vitabu na wajumbe wa bodi. Linahusu uandishi wa imla, yaani kusema mbele ya kompyuta au simu nayo ikaandika yasemwayo, na linaeleza namna ya kutafuta kasoro pale chombo kinapokataa kusikia. Yafaa lisomwe katika kikundi, kompyuta ya chama ikiwa mezani, na kila hatua ijaribiwe kabla ya kwenda hatua ifuatayo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili. Watu huita "kipaza sauti" chombo kipokeacho sauti ya msemaji, na pia kile kiitoacho kwa kishindo uwanjani. Katika somo hili tutasema "maikrofoni" kwa kile kipokeacho tu. "Kivinjari" ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Edge au Firefox.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu

Zamani muhtasari wa mkutano ulikaa katika daftari, na nakala yake ikapigwa taipu mara chache. Siku hizi taarifa nyingi za vyama hupelekwa kwa mtandao, hasa kupitia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU. Katibu asiyezoea kupiga taipu huweza kumaliza usiku mzima kwa kurasa tatu. Wapo pia makatibu ambao macho yao yamepungua nguvu, na wengine ambao vidole vyao vimekakamaa kwa kuvuta kamba za nyavu miaka mingi. Kwa watu hao imla si anasa, bali ndiyo njia ya kuendelea kukitumikia chama.

Tena lugha yetu imekwisha kuingizwa katika kazi hii. Google iliongeza Kiswahili katika uandishi wake wa imla mwaka 2017. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilitangaza mpango wa kukuza Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu hutoa sauti zao kwa hiari ili mashine zijifunze kusikia lugha mbalimbali.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha wavuvi cha Bangwe. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Tuseme kwamba katika miezi hiyo wanachama wanakutana kujadili marejesho ya mikopo ya nyavu na injini, na kila mmoja anataka hoja yake iandikwe. Katibu afungua ukurasa wa kuandikia, abofya alama ya maikrofoni, asema, wala halitokei hata neno moja. Mmoja ashauri inunuliwe maikrofoni mpya. Mwingine asema kompyuta yenyewe imechakaa. Bodi yakaribia kuidhinisha fedha, nayo ni fedha ya watu ambao kwa miezi mitatu hawaingii ziwani.

Swali letu basi ni hili: je, pana haja ya kununua kitu?

2. Njia ipitayo sauti

Mzigo wa dagaa utokao mwaloni hupita mahali pengi kabla ya kumfikia mnunuzi: penye mizani, penye ushuru, penye gari. Mzigo usipofika, mwenye busara huuliza kwanza umekwama kituo gani; hakimbilii kununua gari jingine. Sauti ya katibu nayo hupita vituo vitano:

(a) chombo chenyewe, yaani maikrofoni na waya wake;
(b) mfumo unaoendesha kompyuta au simu;
(c) kivinjari;
(d) ukurasa uliofunguliwa;
(e) mashine ya mbali inayogeuza sauti kuwa maandishi.

Kila kituo kina mlinzi wake, na kila mlinzi aweza kukataa peke yake hata kama wengine wote wameruhusu. Hiyo ndiyo sababu watu huhangaika: wanafungua mlango mmoja, wanaona hali ni ile ile, wanaufunga tena na kusema haukuwa na kasoro. Kanuni ni tatu. Anzia karibu na kinywa, uende mbele kwa utaratibu. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Andika katika daftari ulilobadili, ili atakayekuja baadaye asianze upya.

3. Kukagua kituo kwa kituo

Chombo. Tazama kama maikrofoni ina kitufe cha kuizima. Vingi viko kwenye waya au ubavuni mwa kompyuta ndogo. Kisha tazama plagi. Katika vifaa vya masikioni vyenye plagi moja, hesabu pete nyeusi: zikiwa tatu, kwa kawaida kifaa kina maikrofoni, zikiwa mbili, ni cha kusikilizia tu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maikrofoni, na mara nyingi kosa lote huwa ni kuchomeka penye tundu la jirani.

Hapa lipo jaribio moja lenye faida kubwa. Fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo katika kompyuta, bila kutumia intaneti, useme maneno machache, kisha usikilize. Ukijisikia vizuri, maikrofoni ni nzima, na hapana sababu ya kununua nyingine; kasoro iko mbele zaidi. Usipojisikia, kasoro iko katika chombo au katika mfumo wa kompyuta. Hata hapo usihukumu mpaka umekijaribu chombo hicho katika kompyuta nyingine.

Mfumo wa kompyuta au simu. Katika Windows fungua Mipangilio, kisha sehemu ya faragha, kisha maikrofoni. Huko kuna swichi zaidi ya moja. Ya kwanza huruhusu maikrofoni kwa kompyuta nzima, ifuatayo huiruhusu kwa programu, na nyingine iliyo chini kabisa huhusu programu za kompyuta ya mezani. Kivinjari kama Chrome au Firefox huhesabiwa katika kundi hilo la chini. Basi aliyewasha za juu na kuisahau hiyo ataona kinasa sauti kinasikia huku kivinjari kiziwi. Tazama pia ni maikrofoni ipi iliyochaguliwa. Huenda kompyuta inasikiliza ile iliyomo ndani ya kamera, nawe unasema katika nyingine. Funga programu ya mkutano wa video iliyobaki wazi, maana huenda imeishikilia maikrofoni.

Katika simu ya Android fungua Mipangilio, kisha Programu, uchague kivinjari chako, kisha Ruhusa, kisha Maikrofoni. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 ipo pia swichi moja ifungayo maikrofoni ya simu nzima, nayo hupatikana katika vitufe vishukavyo unapovuta kidole toka juu ya kioo. Mtoto akiigusa kwa mchezo, simu itakuwa kiziwi kwa kila programu.

Kivinjari. Hapa ndipo penye kasoro nyingi kuliko pengine. Ukurasa unapohitaji maikrofoni kwa mara ya kwanza, kivinjari humwuliza mtumiaji kama aruhusu au azuie. Jibu hilo huweza kuhifadhiwa. Aliyebonyeza "zuia" mara moja kwa haraka huenda asiulizwe tena kwa ukurasa huo. Hata anayefunga swali mara kwa mara bila kujibu, Chrome huacha kumwuliza kwa muda.

Dawa yake ni rahisi. Mwanzoni mwa anwani ya ukurasa, juu ya kioo, kuna alama ndogo. Kwa miaka mingi ilikuwa picha ya kufuli. Katika Chrome, tangu mwaka 2023, ni vistari viwili vyenye viduara. Ibofye, tafuta maikrofoni, ugeuze kutoka kuzuiwa kuwa kuruhusiwa. Kisha, na hili husahauliwa sana, pakia ukurasa upya, la sivyo badiliko huenda lisifanye kazi.

Ukurasa. Soma anwani yake. Ikianza kwa https, njia yake imelindwa. Ikianza kwa http tu, kivinjari hukataa maikrofoni bila hata kuuliza. Chrome ilianza kufanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2015, ili sauti ya mtu isidakwe njiani. Hapo katibu hana la kurekebisha; amwarifu mwenye tovuti. Kadhalika, ukurasa uliofunguliwa ndani ya programu nyingine, kama vile Facebook, huenda usipewe maikrofoni. Ufungue katika kivinjari chenyewe. Tena si kila kivinjari kinaweza imla. Firefox hurekodi sauti vizuri, lakini kwa kawaida haina huduma ya kugeuza usemi kuwa maandishi ambayo kurasa nyingi za imla huitegemea. Jaribu Chrome au Edge kabla ya kulaumu maikrofoni.

Mashine ya mbali. Katika Chrome, kwa kawaida sauti hupelekwa kwa intaneti hadi kwenye mitambo ya mbali, na maandishi hurudi kutoka huko. Mtandao ukikatika, maandishi hukatika, ijapokuwa maikrofoni inasikia. Angalia pia lugha iliyochaguliwa. Ukisema Kiswahili nayo ikatoa maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, usiguse maikrofoni. Chagua Kiswahili cha Tanzania. Mwisho, angalia mahali ulipoketi. Penye upepo wa ziwa na mashua za injini zikitia nanga, hata binadamu hasikii vema. Ingia chumbani, funga dirisha, weka maikrofoni karibu na kinywa.

Turudi sasa kwa chama cha mfano wetu. Katibu alifanya jaribio la kurekodi, akajisikia. Kwa hiyo chombo ni kizima. Alikagua swichi za mfumo, zote zimewashwa. Alipofika kwenye kivinjari, alikuta ukurasa ule umezuiwa, kwa sababu mtu mwingine aliyeitumia kompyuta hiyo siku za nyuma alijibu "zuia". Aligeuza ruhusa, akapakia upya, maneno yakaanza kutokea. Gharama yake haikufika hata shilingi moja, na fedha ya wanachama ilibaki katika sanduku lao.

4. Ruhusa ni dhamana

Ndugu zangu, tusimchukie mlinzi kwa kuwa alitukawiza. Kivinjari huuliza kwa sababu maikrofoni iliyo wazi husikia yote: bei tuliyopanga kumwambia mnunuzi, deni la mwanachama, ugonjwa wa mtu uliotajwa kikaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu azishike kwa uangalifu, na chama nacho hukusanya taarifa hizo. Kwa hiyo:

(a) Toa ruhusa kwa ukurasa unaoujua tu. Ukurasa usiojulikana ukiomba maikrofoni, jibu ni kuzuia.
(b) Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, chagua ruhusa ya mara moja pale kivinjari kinapoitoa, au ifunge ukimaliza.
(c) Usiiwashe imla mkutano ukiendelea. Andika hoja kwa kalamu, kisha katibu peke yake asome imla kutoka katika daftari lake. Kwa njia hii sauti za wanachama hazipelekwi popote bila ridhaa yao.
(d) Jambo la siri liandikwe kwa mkono.

5. Mashine husikia, katibu huthibitisha

Imla ikifanya kazi, kazi ya katibu haijaisha. Mashine hukosea majina ya watu na ya mahali, na maneno ya Kiha yaliyochanganywa na Kiswahili. Hatari kubwa zaidi iko katika hesabu. Mtu akisema "elfu mbili na mia tano", akatulia katikati, huenda ikaandikwa 2,000 na 500 mbalimbali. "Kumi na tano" na "hamsini" ni mbali katika daftari la madeni. Kila tarakimu isomwe tena na kulinganishwa na daftari, kisha muhtasari usomwe kwa wanachama na kuthibitishwa kabla ya kutiwa sahihi. Mwanachama asiyejua kusoma ana haki ya kusikia hoja yake ikisomwa kama alivyoitoa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kinasa sauti kinasikia, lakini ukurasa wa imla hauandiki. Vituo gani vyapaswa kukaguliwa, na kwa utaratibu gani?
2. Taja dalili mbili zinazoonyesha kwamba maikrofoni ni nzima na kasoro iko kwingine.
3. Ni nani katika chama chenu hutumia kompyuta ya ofisi? Je, mnajua ni kurasa zipi zimekwisha kupewa ruhusa ya maikrofoni?
4. Ni mambo gani ya mikutano yenu yasiyofaa kusemwa mbele ya maikrofoni iliyo wazi?

Kazi ya kufanya: Andikeni vile vituo vitano katika karatasi moja na kuibandika karibu na kompyuta. Bodi iweke kuwa kawaida kwamba ombi lolote la kununua maikrofoni au kompyuta lifuatane na karatasi hiyo, ikionyesha kituo gani kilikaguliwa, nani alikikagua, na alikuta nini.